Mfumo wa uhamiaji ulikataa vidole vya mama yangu, nikaanza kumshuku mama mwenyewe

Wakuu, salaam kwenu.

Wakubwa wangu shikamooni, wa rika langu mambo vipi, na nyie mnaosoma kimya kimya bila hata kulike nawaona pia.

Ninayoandika hapa yamenikuta mimi mwenyewe. Nimebadilisha majina tu. Kama umekuja kutafuta chai, uzi huu hauna sukari wala maji ya moto.

Ni ndefu kidogo. Anayetaka summary aruke mpaka chini, ila atakuwa amejinyima.

Kwanza mnijue nilivyo kitabia. Mimi ni Mrangi wa Kondoa, naishi Makole hapa Dodoma na mke wangu na watoto. Kazi yangu ni mkaguzi wa ndani kwenye ofisi moja ambayo siitaji. Kwa lugha nyepesi, nalipwa kushuku. Risiti ikiwa na mwandiko mzuri sana naishuku, na ikiwa na mwandiko mbaya naishuku zaidi. Mke wangu, Rehema, anasema hata akipika pilau katikati ya wiki namuuliza kuna nini.

Nasema haya mapema ili mkifika kule mbele msinishangae.

Twende kwenye kisa.

Mama yangu, tumwite Bi Mwanaidi, ni mjane. Anaishi kijijini kwetu, upande wa milimani, analima alizeti na mtama. Kitu anachokitaka duniani ni kimoja tu, kwenda kuhiji. Baba naye alikuwa na nia hiyo akafariki nayo. Mama akaibeba. Alizeti ikitoka vizuri anaweka pembeni, ndama akikua anauza, sisi watoto tunaongezea, mpaka safari hii akasema sasa niko tayari.

Kikundi cha hija cha kule kwetu kikampokea. Sharti lao ni kwamba pasipoti iwe imeshapatikana kabla hawajafunga orodha ya msafara. Ukichelewa nafasi yako anapewa mwingine. Na magoti ya mama yalishaanza kulalamika, kwa hiyo hatukuwa watu wa kusema si kitu, atakwenda mwakani. Huo mwakani hatukuwa na uhakika nao.

Sasa pasipoti siku hizi mnajua inaombwa online. Unajaza mtandaoni, unapakia nyaraka, unapangiwa siku, unakwenda ofisini kupigwa picha na kuweka vidole. Wengi humu mnausifia huo utaratibu. Mimi siupingi. Ila mifumo mimi huwa naikagua, na mtu anayeikagua hawezi kuipenda kama nyie mnaoitumia tu.

Nikamleta mama Dodoma. Tukaenda kwa Hamza, jamaa wa rika langu mwenye stationery jirani na kwangu. Nusu ya mtaa wetu yeye ndiye anawajazia maombi ya kila aina.

Hamza akaskani kitambulisho cha taifa cha mama, akaingiza namba. Taarifa zikajijaza zenyewe, jina, mwaka wa kuzaliwa, wilaya, kila kitu. Nikamtania mama kwamba serikali inamjua kuliko mimi mwanawe.

Mama hakucheka. Akauliza, "Inajua nini kingine?"

Hapo ndipo mkaguzi alipaswa kuamka. Hakuamka. Niliona ni mama wa kijijini anaogopa kompyuta, basi.

Siku ya miadi ikafika. Ofisini tulipokelewa na dada mmoja mstaarabu kweli, alimwamkia mama shikamoo kabla hata hatujakaa. Akamwambia aweke vidole vinne vya mkono wa kulia kwenye kile kioo chenye taa ya kijani.

Vikakataa.

Dada akampa kitambaa afute. Vikakataa. Akamtilia mafuta kidogo. Vikakataa. Mkono wa kushoto nao vile vile.

Mimi nikaingilia, nikasema dada huyu ni mkulima, jembe limeshafuta hizo alama. Na kweli wakuu, kina mama wa vijijini wengi wana tatizo hilo, mtakuwa mmeliona.

Yule dada akatazama skrini yake muda mrefu. Akamtazama mama. Akarudi kwenye skrini. Halafu akanigeukia mimi, ule uchangamfu wote umeshaondoka.

Akasema, "Kaka, vidole vya mama vinasomeka vizuri kabisa. Ila siyo vya mwenye hiki kitambulisho."

Nikamwambia labda mashine mbovu. Akaweka kidole chake, ikamtambua. Akaniambia niweke changu, ikanitaja jina langu kamili la kwenye kitambulisho. Mashine ilikuwa nzima.

Akaitwa mkubwa wao. Mzee wa makamo, mpole wa sauti, ule upole unaokutia hofu. Akaanza maswali. Umezaliwa wapi mama. Mwenyekiti wa kitongoji chenu ni nani. Ulisoma shule gani. Umewahi kuishi nje ya nchi. Kiswahili cha mama kina lafudhi nzito ya Kirangi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona mtu akiisikiliza lafudhi ile kama ushahidi.

Mama alijibu yote vizuri. Akaulizwa swali la mwisho.

"Vidole vilivyomo humu ni vya nani?"

Mama akanyamaza.

Mzee akarudia. Mama akainamisha kichwa akawa anakunja pindo la mtandio wake. Hakusema sijui, hakusema vyangu.

Mzee akaeleza taratibu kwamba kutumia kitambulisho cha mtu mwingine ni kosa la jinai, na aliyekitoa naye ana kosa. Akakizuia kile kitambulisho, maombi yakasimamishwa, tukaambiwa turudi na maelezo yanayoeleweka. Bila maelezo hakuna pasipoti, na baada ya hapo suala litakwenda kwingine. Hakusema kwingine ni wapi.

Nikarudi nyumbani na mama yangu ambaye kwa mujibu wa mfumo hakuwa yeye.

Jioni ile nikamkalisha. Nikamuuliza kwa utaratibu, mama siku ya kuandikishwa ilikuwaje? Akasema ni zamani, hakumbuki. Nikamuuliza nani alikuwepo. Akasema watu wengi.

Halafu akasema kitu kilichonimaliza. "Basi mwanangu, tuache. Hija ni kwa mwenye uwezo. Mimi sikujaaliwa."

Wakuu, huyu ni mtu ambaye nimekua nikimsikia akiiomba hija hiyo kila baada ya swala. Kuikosa kwa sababu ya mashine, na kuiacha siku hiyo hiyo bila hata kunung'unika? Ofisini kwangu mtu akiacha haki yake haraka namna hiyo, najua ana kitu anakificha kikubwa kuliko hicho anachokiacha.

Nikaanza kumshuku mama yangu. Naandika hivyo na mkono unakuwa mzito, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kesho yake alfajiri nikamsikia uani anaongea na simu, Kirangi cha haraka haraka cha chini chini. Nilinasa maneno machache. Alikuwa anamwambia mtu asije. Akae huko huko, asije Dodoma, na mtu akimuuliza aseme hajui kitu.

Nikarudi kitandani nikatazama dari. Rehema akaniuliza nini, nikamwambia mama ana siri na mtu. Akaniambia, "Unamkagua mama yako?" akageukia ukutani. Nilinuna, ila nikaendelea kukagua.

Mnajua kuna ile huduma ya kuangalia ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba ya kitambulisho. Mama alipokwenda kuoga nikachukua simu yake nikaangalia. Ndiyo, nilipekua simu ya mama yangu, nipigeni mawe baadaye.

Zilikuwa laini mbili. Moja yake. Nyingine namba ninayoijua, maana nimeisevu mwenyewe. Ya mama mdogo Zuhura.

Mama mdogo Zuhura ni mdogo wake mama wa tumbo moja, wamepishana kidogo sana. Aliachika zamani, akarudi, wanaishi kiwanja kimoja na mama. Ukiwaona kwa mbali wamejitanda utamwamkia huyu ukidhani ni yule. Ndiye aliyenilea mama alipokuwa shambani.

Nikajiambia siyo ajabu, mtu anaweza kumsajilia mdogo wake laini. Lakini kwa nini? Yeye cha kwake kiko wapi? Nikajaribu kukumbuka kama nimewahi kuona kitambulisho cha mama mdogo. Sikukumbuka.

Nikatoka hapo nikaenda kwa Hamza, maana naye nilikuwa namshuku. Hapa tunapoishi mtu mwenye skana na mafaili ya vitambulisho vya watu mtaa mzima usipomshuku umlaumu nani? Nikamuuliza bila kuzunguka kama kuna mtu amempa nakala ya kitambulisho cha mama.

Hamza alikasirika, na alikuwa na haki. Akalifungua faili la mama mbele yangu, akasema tazama mwenyewe, mimi nilichofanya ni hiki na hiki. Kwa hasira akaikuza ile picha ya kitambulisho ikajaa skrini nzima.

Nikaona.

Mama yangu aliugua macho utotoni, yale magonjwa ya macho ya kwetu. Kope ya jicho lake la kushoto imelegea, inafunika kidogo. Mtu baki hawezi kugundua. Mimi nimelitazama jicho lile tangu nazaliwa.

Kwenye ile picha macho yote mawili yalikuwa wazi sawasawa.

Mtaniuliza miaka yote hiyo ulikuwa unatazama nini. Wakuu, picha za vitambulisho vyetu mnazijua. Kwenye changu mimi mwenyewe nafanana na mtu aliyetoka kufiwa. Nani anazitazama? Unaangalia jina, unaandika namba, unarudisha.

Mwanamke wa kwenye picha alikuwa mama mdogo Zuhura.

Nilimwomba Hamza radhi nikatoka. Nilitembea mpaka nikapita nyumba yangu bila kuiona, kichwa kinapanga tuhuma kama ninavyopangaga kazini. Mama mdogo ameliiba jina la dada yake. Au kalitumia kukopa. Au kuna mtu wa mpakani alinunua kitambulisho kupitia kwake, si mnasikia hizo habari humu humu kila siku? Mama anajua, na anamficha. Au mbaya zaidi, labda jina la Mwanaidi siyo la mama yangu kabisa, ni la mdogo wake, na mama yangu ni mtu mwingine ambaye sijawahi kutajiwa.

Najua ni ujinga. Lakini mfumo ukishakwambia mtu siye, hata ukimtazama anakunywa uji mezani kwako unaanza kumtafutia kasoro.

Nikamuaga mama kwamba nina safari ya kikazi. Nikawasha gari nikashika barabara ya kaskazini. Makutupora watu walikuwa wanavuna zabibu, mimi hata sikusimama kununua. Nilikuwa nimeandaa maswali njia nzima, lipi litangulie, lipi la kumtega.

Nilimkuta mama mdogo uani anapepeta mtama. Nikamwamkia, akaitikia marahaba baba, akaweka ungo chini.

Maswali yangu yote hayakupata kazi. Alisema yeye kwanza.

"Umekuja kwa ajili ya vidole."

Nikamwambia ndiyo mama mdogo.

Akanieleza, na mimi nawaeleza kama alivyonieleza.

Baba alipofariki mimi nilikuwa chuo. Nilikuja kuzika, nikarudi kwenye mitihani. Mama akaingia eda. Wasiojua, mwanamke wetu wa Kiislamu akifiwa na mume anatulia ndani kwa miezi kadhaa, hatoki ovyo, hajipambi. Mashehe wa humu mtasema dharura inaruhusiwa, na ni kweli. Lakini kijijini kwetu eda ni eda. Mjane akionekana barabarani ataongelewa mpaka wajukuu zake wasikie.

Ndani ya miezi ile wakaja watu wa vitambulisho na mashine zao, wakakaa shuleni. Ikatangazwa asiye na kitambulisho huko mbele hatapata huduma, na wao wakitoka hapo hawana siku ya kurudi.

Sasa kwetu kuwakilishana ni kitu cha kawaida mno. Zikija dawa za kugawa, mmoja anachukua za nyumba nzima. Mkutano wa kijiji, unasimama kwa niaba ya mwenye mgonjwa. Mtendaji wa wakati ule, ambaye sasa hivi ni marehemu, mwenyewe alipita akisema mjane fulani asikose, ndugu zake wamwakilishe.

Wakamwakilisha.

Mama mdogo alijitanda, akashika kadi ya kliniki na barua ya kijiji vya dada yake, akapanga foleni. Alipoulizwa jina akasema Mwanaidi. Akapigwa picha, akaweka vidole vyote kumi. Foleni nzima ilimjua ni Zuhura na hakuna aliyeshtuka. Hakuna aliyeona kwamba pana udanganyifu. Aliyekuwa anaandikishwa ni Mwanaidi, Zuhura amekwenda kumsaidia, kuna ubaya gani?

Nikamuuliza, "Kwa nini baada ya hapo hukujiandikisha wewe?"

Akanitazama kama vile swali langu ndilo la ajabu. "Vidole nilikuwa nimeshampa dada."

Akaendelea kwamba alifikiri atarudi baadaye, lakini mkutano uliofuata wakaambiwa mashine inamkamata mtu anayejiandikisha mara mbili na anafungwa. Akaogopa. Ilipokuja kusajili laini kwa alama za vidole, akaenda yeye na kadi ya mama, akaweka kidole kwa laini ya mama na laini yake. Kikundi cha kina mama kilimchagua kuwa mweka hazina, benki ikataka kitambulisho, akakataa cheo. Watu wakasema anaringa. Ruzuku, akaunti, kila penye namba alipita pembeni. Kwa miaka yote hiyo. Na mama alijua, ndiyo maana kila mavuno anamgawia mdogo wake kabla hajatia chake ndani, kitu ambacho mimi siku zote nilidhani ni ukarimu tu.

Na ile simu ya alfajiri? Alikuwa anaongea na yeye. Mama aliweka vidole vyake akitumaini mashine haitatofautisha ndugu wa tumbo moja, aliposikia neno jinai pale ofisini akaamua hapo hapo. Akichagua kusema, mdogo wake anafungwa. Akinyamaza, anakosa Makka. Akanyamaza.

Wakuu, niliona aibu. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumtazama mama mdogo, nikawa natazama kuku.

Akaniuliza, "Nikija huko, watanifunga?"

Nilitamani kumwambia hapana. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui.

Akaingia ndani, akatoka na kanga mbili kwenye mfuko wa plastiki na buibui lake la kutokea. Akamwomba jirani amwangalizie mbuzi. Hakuaga zaidi ya hapo.

Tulipofika Makole mama ndiye aliyefungua mlango. Alimwona mdogo wake, akanitazama mimi, uso ukabadilika.

"Umekwenda kumleta mdogo wangu wamfunge?"

Kisha wakaanza kugombana kwa Kirangi pale pale mlangoni, mmoja anasema nilikukataza, mwingine anasema sitaki ukose kwa sababu yangu. Mke wangu, ambaye Kirangi haelewi, aliupokea mfuko wa mama mdogo akawakalisha wote wawili. Mama hakuniongelesha mpaka asubuhi.

Asubuhi tukaenda wote. Kama mambo yangeharibika, mimi ndiye ningekuwa nimempeleka mama mdogo kwa mikono yangu.

Dada yule yule wa mapokezi. Akamwambia mama mdogo aweke vidole. Akaweka.

Mara ya kwanza tu ikakubali. Kwenye skrini likatokea jina la mama yangu, picha, mwaka wa kuzaliwa, kila kitu.

Dada akauliza, "Wewe ndiye Mwanaidi?"

"Hapana. Mimi ni Zuhura. Mwanaidi ni huyu."

Mzee mpole akaitwa tena. Aliwatenganisha, mmoja chumba hiki mwingine kile, akawauliza maswali yale yale. Msiba ulikuwa lini. Nani alikuwa mtendaji. Gari lililoleta mashine lilikuwa rangi gani. Mama alisikia nini kutoka ndani. Mimi nilikaa kwenye benchi nje, na kwa kuwa kazi hiyo naijua, nilijua anachokitafuta. Majibu yakifanana mno ujue yamepangwa.

Alikaa nao muda mrefu. Akatoka na karatasi zake, akaniita.

Akasema wamefanana kila kitu isipokuwa jambo moja. Alipouliza wazo la kwenda kuweka vidole lilikuwa la nani, mama alisema ni yeye aliyemtuma mdogo wake, alimlazimisha. Mama mdogo alisema dada hakujua chochote, alikwenda mwenyewe na kumletea kadi tayari. Kila mmoja analivuta kosa upande wake.

"Sasa wewe ni mwanao," akaniambia. "Nani anadanganya?"

Nikamwambia mzee, hata mimi sijui, na ningekuwa najua nisingekwambia.

Alinitazama, nikadhani nimeharibu. Akachukua kalamu akaandika. Akasema ataliandika kama kosa la uandikishaji linaloombewa marekebisho, kwa sharti walete viapo vya mahakamani wote wawili na barua ya kijiji, na akawapa onyo refu ambalo walilisikiliza wameinamisha vichwa kama wanafunzi. Ila hadi leo siamini kama alituamini. Kila tuliporudi alikuwa anauliza tena lile swali la rangi ya gari.

Sasa msifikiri hapo ndiyo mwisho mzuri.

Marekebisho siyo kubonyeza kitufe. Pale uhamiaji wakasema wao hawagusi taarifa za vitambulisho, nendeni kwa wenye vitambulisho. Wenye vitambulisho wakasema vidole vikishaingia kuvitoa ni mpaka kibali kutoka juu. Nikiingia kuangalia status, naona "inafanyiwa kazi". Nenda, rudi, mtandao uko chini, mhusika yuko semina. Mfumo ulioweza kumkamata mama kwa sekunde ulichukua msimu mzima kumwachia.

Orodha ya msafara ikafungwa. Nafasi ya mama akapewa mtu mwingine.

Siku wenzake wanaondoka mama alikuwa kwangu. Alimpigia simu mmoja wao akamtakia safari njema, akamwomba amwombee dua. Akakata simu akaenda kuchambua mchicha. Hakulia.

Kibali kilikuja baadaye sana. Vidole vya mama mdogo vikaondolewa kwenye jina la mama, mama akaweka vyake, akapigwa picha mpya, kope yake imelegea pale pale kushoto. Pasipoti imeshatoka. Mwakani akijaaliwa, na magoti yakikubali.

Lakini kilichonifanya nifungue huu uzi ni siku ile ya vidole vipya, baada ya mama kumaliza. Karani akasema sasa huyu mwingine asogee, aandikishwe upya.

Mama mdogo akasogea. Karani akauliza jina.

Akamgeukia mama, kama mtu anayeomba ruhusa. Miaka yote kwenye kila dirisha amekuwa akijibu jina la dada yake.

Mama akamwambia, "Taja lako."

Akasema Zuhura. Akaweka vidole, taa ya kijani ikawaka, karani akasema tayari mama. Yeye akabaki ameviacha pale pale kwenye kioo, hajui kama anaruhusiwa kuviondoa.

Mama yangu, ambaye hakulia siku msafara ulipoondoka, alilia hapo.

Nilichojifunza wakuu ni kidogo. Mashine haikusema uongo hata mara moja, lakini mimi nilichukua ukweli wake nikaujazia uongo wangu mwenyewe, juu ya watu walionilea. Na bado siziamini hizo mashine, maana huko vijijini najua kuna wajane, wagonjwa na wazee wengi waliowakilishwa, na hawajui mpaka siku watakayoweka kidole.

Kwa hiyo leo hii mpigie mzazi wako, muulize taratibu kama siku ile ya kuandikishwa alikwenda mwenyewe. Akinyamaza, usimbane kwenye simu. Panda gari umfuate.

Kama yamekukuta ya namna hii, au unajua njia fupi ya kurekebisha kuliko hii niliyopita mimi, weka hapa chini, kuna watu wana safari na muda unawatupa mkono. Na wale wa kuniuliza hilo gari lilikuwa rangi gani, mama anasema jeupe, mama mdogo anasema jeupe.